Kipaji chake ni kipi?

Mzazi akishasema kwamba mwanawe ana usonji, swali linalofuata mara nyingi huja kwa upole: kipaji chake ni kipi? Ni hesabu? Anachora? Anakumbuka tarehe ya kuzaliwa ya kila mtu aliyewahi kukutana naye? Anayeuliza anataka kufariji, na simlaumu. Kuna wakati swali lingekuwa mama alikosea wapi. Lakini wako wazazi wasio na la kujibu. Mtoto wao ana miaka 12, hasemi, bado anavaa nepi, na jana usiku hakuna aliyelala nyumbani. Hao huinamisha kichwa na kubadilisha mazungumzo, wakihisi wamepunjwa mara mbili: mtoto wao ana usonji, na hata ule usonji wenyewe haukuja na zawadi yake.

Swali hilo fupi limebeba mvutano mzima uliopo kuhusu jambo hili. Upande mmoja unasema usonji ni namna mojawapo ya kuwa binadamu. Usitafutiwe dawa, bali wenye nao waeleweke na wathaminiwe. Upande wa pili unasema usonji ni ulemavu, tena mara nyingine mzito, na kuupamba ni kuwasahau wanaotaabika nao. Kila upande una watu wanaojua wanachokisema, na ndiyo maana mjadala huu haumalizwi kwa kumzomea mmoja.

Kwa ufupi, usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa namna mtu anavyowasiliana na kuhusiana na wenzake. Huambatana na mienendo ya kujirudia, mapenzi makali kwa jambo moja, na milango ya fahamu inayopokea sauti, mwanga au mguso kwa ukali au kwa uhafifu usio wa kawaida. Sehemu kubwa ya chanzo chake ni urithi wa vinasaba. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 alikuwa nao. Chanjo hazihusiki: makala ya mwaka 1998 iliyozua hofu hiyo ilihusu watoto 12 tu, na jarida la Lancet liliifuta mwaka 2010. Hapo sioni pande mbili za kupima.

Dhana ya kipaji nayo ina historia. Mwaka 1988 filamu ya Rain Man iliwaonyesha watazamaji wa dunia nzima mtu mwenye usonji aliyepiga hesabu kama mashine, na tangu hapo wengi humpima kila mwenye usonji kwa kipimo hicho. Vipaji vya aina hiyo vipo kweli, ila makadirio yaliyozoeleka ni kama mtu 1 kati ya 10. Basi hao tisa tuwaweke wapi?

Kabla ya kuujibu upande wa sifa, ni haki kukumbuka ulitokea wapi. Leo Kanner, daktari wa watoto na wa akili huko Baltimore, alieleza habari za watoto 11 mwaka 1943, na ndipo usonji ukaanza kujulikana katika tiba. (Grunya Sukhareva, daktari wa Moscow, alikuwa ameandika kuhusu wavulana sita wa namna hiyo katikati ya miaka ya 1920, lakini wachache walimsoma.) Kanner aliwaona wazazi wengi wa watoto hao kuwa watu baridi. Ubaridi huo ukageuka nadharia, na Bruno Bettelheim akaieneza sana katika miaka ya 1960: eti mtoto hujifungia ndani ya nafsi yake kwa sababu mama hakumpenda. Kina mama walibeba lawama hiyo kwa miaka. Aliyeipasua vizuri ni Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa pia baba wa mtoto mwenye usonji, katika kitabu chake cha mwaka 1964 kilichoonyesha kwamba chanzo ni cha kibiolojia.

Mama akaachiwa, mtoto akashikwa. Ole Ivar Lovaas huko California alianza kuwafunza watoto mienendo ya kawaida kwa zawadi na adhabu, na katika majaribio ya miaka ya 1960 adhabu hizo zilijumuisha hata mshtuko wa umeme. Mwaka 1987 alitangaza kwamba kati ya watoto 19 waliofunzwa kwa takriban saa 40 kwa wiki, 9 walifikia kusoma darasa la kawaida kama wenzao. Wazazi waliona mlango wa matumaini umefunguka. Baadhi ya watoto waliokulia katika mafunzo ya namna hiyo wamekuja kusema wakiwa watu wazima kwamba walichofundishwa ni kujificha: usipunge mikono, usijitikise, mtazame mtu machoni hata kama macho hayo yanakuunguza. Mafunzo hayo yamebadilika tangu wakati huo, adhabu zimeondolewa kwa sehemu kubwa, lakini swali la lengo lake halijafa. Tunamsaidia mtoto aishi vizuri, au tunawasaidia watazamaji wasione aibu?

Kutoka humo ndimo ilimozaliwa sauti ya wenye usonji wenyewe. Mwaka 1993 Jim Sinclair, mwenye usonji, aliwaambia wazazi jambo ambalo bado linachoma: huzuni mnayoisikia ni ya mtoto mliyemtarajia akakosekana, msimtwishe mtoto mliye naye. Mwishoni mwa muongo huo mwanasosholojia wa Australia, Judy Singer, akausaidia mtazamo huo kupata jina, akizungumzia utofauti wa kawaida uliopo baina ya bongo za wanadamu. Mwaka 2012 Damian Milton, msomi mwenye usonji, akaligeuza swali lililozoeleka. Mbona tunasema wao ndio hawatusomi, ilhali na sisi hatuwasomi wao?

Hoja ya Milton imepimwa. Catherine Crompton na wenzake walipanga watu wanane wanane na kuwapa hadithi ya kupokezana mmoja baada ya mwingine. Katika matokeo ya mwaka 2020, wenye usonji watupu waliifikisha hadithi vizuri sawa na wasio na usonji watupu. Ilipotea zaidi pale walipochanganywa. Jaribio kubwa zaidi lililofuata, la watu zaidi ya 300, halikuiona tena tofauti hiyo ya waliochanganywa. Wafuasi wa Milton wasiikimbie habari hiyo, maana lililobaki baada yake lina uzito wa kutosha: katika majaribio yote mawili, wenye usonji peke yao hawakuwa wapokezaji wabovu wa habari. Ile picha ya mtu asiyeweza kuwasiliana na yeyote inadai kurekebishwa.

Ndipo wazazi wa upande wa pili wanapoinua mkono. Washiriki wa majaribio hayo, watasema, ni watu wanaosikiliza hadithi na kuisimulia. Mwanangu hayumo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wana hoja. Tangu mwaka 2013, kitabu cha utambuzi cha madaktari wa akili wa Marekani kiliunganisha majina ya awali, pamoja na lile la Asperger, kuwa wigo mmoja wa usonji. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki yake, kwa sababu mipaka ya zamani haikushika. Lakini sasa neno moja linamtaja profesa wa chuo kikuu na pia kijana anayehitaji mtu wa kumwangalia saa 24 asije akatoka mbio hadi barabarani. Mwaka 2021 tume ya jarida la Lancet ilipendekeza jina la kiutawala la usonji mzito kwa wale wa kundi la pili, kuanzia umri wa miaka minane. Miaka miwili baadaye taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani ilipitia kumbukumbu za watoto wa miaka minane wenye usonji nchini humo na kukuta asilimia 26.7 wanaingia katika kundi hilo. Yaani zaidi ya mmoja katika kila wanne, na ndio wasioonekana kwenye majukwaa, kwa sababu jukwaa linadai maneno.

Baadhi ya wanaharakati walilipinga jina hilo, wakihofia kwamba ukishamwita mtu mzito, hutamtarajia tena lolote. Hofu hiyo ina msingi. Wapo waliodhaniwa hawana la kusema mpaka wakapewa kishikwambi chenye picha na herufi. Hata hivyo naegemea kwa wazazi katika hili: kundi lisilo na jina halitengewi bajeti. Ninapoachana nao ni pale wanapomsimulia mtoto mbele yake, aibu zake zote, kana kwamba hayupo. Ile methali ya kunguni inawageukia na wao, kwani mwenye kukilalia kitanda hasa ni mtoto.

Lakini shaka yangu kubwa iko kwa neno kuthamini, na imetokea Vienna, Austria. Hans Asperger, daktari wa watoto mjini humo, ambaye jina lake lilikuja kupewa wale wanaosema vizuri na kusoma sana, aliandika mwaka 1944 kwamba baadhi ya watoto aliowatibu wangeweza kuwa na manufaa makubwa kwa jamii. Kwa miaka mingi alisifiwa kwamba aliwakinga watoto kwa kuwasifia, wakati utawala wa Kinazi ukiwaua walemavu. Mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech alionyesha kwa nyaraka kwamba daktari huyohuyo aliwapeleka watoto wengine Am Spiegelgrund, kituo cha mjini humo ambako karibu watoto 800 walikufa. Hata tukikubali kwamba sifa ilimwokoa mmoja, ni sifa hiyohiyo iliyomwacha mwingine bila kinga.

Simfananishi anayeuliza habari za kipaji na watu wale. Nasema tu kwamba thamani inayotokana na manufaa huwa na bei, na bei hushuka. Kampuni ya programu za kompyuta ya SAP, ya Ujerumani, ilianza mwaka 2013 mpango wa kuajiri watu wenye usonji, na kampuni nyingine zikafuata. Ni jambo jema. Wengi waliokuwa wakikwama kwenye usaili, pengine kwa kutotazama machoni, walipata kazi wanayoiweza. Ila mtu anayeajiriwa kwa sababu usonji unamfanya aone makosa ya programu haraka, siku akichoka asiyaone, anabaki na nini cha kumtetea?

Kwa hiyo naona tumetanguliza kuthamini tukasahau kuelewa, na kuelewa ndiko kugumu. Kuelewa ni kuchunguza kwa nini kijana asiyesema ameanza kujipiga kichwa wiki hii, ukakuta jino limeoza. Ni kujua kwamba anayejitikisa anajituliza. Ni kukumbuka kwamba mtoto uliyemwambia ashike adabu anaweza kutafuta kweli kitu cha kushika. Ni kumwamini pia yule asiyeonekana kuwa na shida yoyote. Wanawake wengi wamegundulika wakiwa watu wazima, baada ya miaka ya kuigiza wenzao: wakati wa kucheka, namna ya kuitikia, muda wa kumtazama mtu. Kisha hufika nyumbani wakiwa hoi. Kuwaambia "mbona huonekani" ni kuwasifia kwa kitu kinachowamaliza.

Na lugha? Katika Kiingereza watu wamegombana kwa miaka kama mtu aitwe kwa usonji wake au usonji utajwe kama kitu alicho nacho. Wengi wenye usonji hupendelea la kwanza, wataalamu wengi la pili. Kiswahili kimetuokoa bila kujua. Tunasema mwenye usonji kama tusemavyo mwenye nyumba, mwenye akili, mwenye nguvu. Neno halisemi kama hicho alicho nacho ni mzigo au ni mali. Kinachotuharibia ni pale tunaposema mgonjwa wa usonji.

Wa kwanza katika orodha ya Kanner alikuwa Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Familia yake ilikuwa na uwezo na ilikuwa na hisa katika benki ya mji. Donald alifanya kazi katika benki hiyo, akaendesha gari, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi, akafa mwaka 2023 akiwa na miaka 89 katika mji uliomjua tangu utotoni. Wengine katika orodha hiyohiyo walipelekwa katika hospitali za serikali, na Kanner alipowafuatilia mwaka 1971 aliandika kwa masikitiko kwamba kuingizwa humo kulikuwa sawa na kifungo cha maisha. Uwezo wao haukuwa sawa, hilo ni kweli. Wala malezi yao hayakuwa sawa.

Donald alikuwa na kipaji. Kuzidisha namba kubwa kichwani hakukumsumbua. Lakini sifa iliyomvumisha zaidi mjini ilikuwa ya matofali: akiwa kijana, alitazama jengo la shule mara moja tu akataja idadi ya matofali yake, na wavulana waliomsikia wakaieneza habari kwa miaka. Alipoulizwa uzeeni aliwezaje, alikiri kwamba ile namba aliibuni tu. Alitaka wale wavulana wamwone mtu wa maana.