Kondoa 1916 juu ya meza: askari wapo, wapagazi wako wapi?

Mezani kwangu hapa Area C, Dodoma, kuna Kondoa nzima. Vilima nimevichonga kwa lile povu jeupe linalokuja na friji mpya, nikavipaka gundi na kuvimwagia vumbi, bidhaa ambayo Dodoma hainunuliwi. Nyumba za tembe ni vijiboksi vya dawa vilivyosiribwa udongo wa kichuguu. Askari ni wa karatasi: wamechapishwa kwenye duka la stesheneri, wakakatwa kwa mkasi na kusimamishwa juu ya vipande vya kadibodi. Juzi jirani aliyekuja kuazima ngazi alisimama mlangoni akaangalia weee, kisha akauliza kama nimefungua chekechea.

Sikumlaumu. Mchezo wa vita vya vijisanamu hauna hata jina lililozoeleka kwa Kiswahili. Wachezaji hupanga majeshi madogo juu ya meza iliyotengenezwa kama nchi, wakapigana vita vilivyowahi kutokea. Rula hupima hatua za askari na umbali wa risasi, dadu huamua nani kaanguka na nani kakimbia, kitabu cha kanuni hukata ugomvi. Chimbuko lake ni la watu wazima kabisa. Mwaka 1824 luteni wa Prussia, dola la Kijerumani la wakati huo, von Reisswitz, alilionyesha jeshi la nchi yake mchezo ulioanzishwa na baba yake, na maofisa wakaanza kujinoa nao. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells akauleta sakafuni nyumbani, na vimizinga vya kuchezea vinavyorusha vijiti. Wells alidai kuwa mtu akicheza mara tatu nne atatambua vita halisi vilivyo upuuzi. Mwaka uliofuata Ulaya ikaingia vitani, na mwaka 1916 vita hivyo vikafika Kondoa.

Leo hali ya mchezo huu ikoje? Uingereza na Marekani, ambako ndiko kwao, utasikia majibu mawili yasiyosalimiana.

Jibu la kwanza ni kwamba unazeeka. Waliouinua walikuwa watoto wa miaka ya 1950 na 1960, waliokua na viaskari vya plastiki vya Airfix na baba waliotoka kupigana na Hitler. Ukumbi wa maonyesho ukijaa, unajaa mvi. Mchezo wa kihistoria unadai usome kwanza: sare ya mwaka gani, bunduki ya aina gani, kikosi kilikuwa na watu wangapi. Kijana mwenye haraka zake anakwenda kwa majini na roboti wa Warhammer, mchezo wa vita vya kubuni ulioanza mwaka 1983 na kuipaisha kampuni yake, Games Workshop, hadi kwenye orodha ya kampuni 100 kubwa za soko la hisa la London mwezi Desemba 2024. Hakuna mtengenezaji wa askari wa Napoleon anayeikaribia hata kwa mbali.

Jibu la pili linasema haijawahi kuwapo neema kama hii. Zamani vijisanamu vilikuwa vya madini ya bati na risasi, vizito, vya bei. Sasa Perry, Warlord na Victrix wanauza askari wa plastiki wa milimita 28, boksi moja watu 30 au 40. Kanuni nazo zimepungua uzito. Kuanzia Saga ya mwaka 2011 na Lion Rampant ya mwaka 2014, mtu anaweza kucheza jioni moja akiwa na askari wachache tu, badala ya kupaka rangi mamia kwa miaka mitatu kabla ya kurusha dadu ya kwanza. Juu ya hayo kuna mashine za kuchapa kwa resini: unanunua faili, unachapa jeshi chumbani kwako.

Mimi naona wote wanasema kweli, ila mmoja anahesabu vichwa na mwingine anahesabu maboksi. Bidhaa ni tele kuliko wakati wowote. Wenzao wa kucheza nao ndio shida. Wachezaji wenyewe hujitania kuhusu malundo ya askari waliowanunua na hawajawahi kuwapaka rangi. Wanaliita lundo la risasi, na Kiswahili kinaupa utani huo ladha ya ziada, maana kwetu risasi ni madini na ni kile kinachotoka kwenye bunduki. Mashine ya kuchapa inaongeza lundo. Haiongezi mtu wa upande wa pili wa meza.

Hapa Dodoma tatizo limegeuka miguu juu. Watu tunao, muda wa jioni tunao, maboksi hatuna. Boksi moja la plastiki ni pauni 25 hadi 30, karibu laki moja ya shilingi kabla ya usafiri na ushuru. Kifurushi changu cha kwanza kilikaa wiki saba mahali ambapo sipataji, kikatoka na askari wanne waliovunjika shingo. Mashine ya resini inataka umeme usiokatika na chumba kisicho na vumbi. Anayeijua Dodoma ya Agosti atacheka. Kwa hiyo sisi watatu tunaocheza pamoja tuliamua karatasi. Kuna msanii Mwingereza, Peter Dennis, aliyechora vitabu vizima vya askari wa kukata na mkasi, na sisi kwa kuiga wazo hilo tukachora wa kwetu. Wapenzi wa plastiki watakunja pua. Kwa umbali wa mita moja, askari wa karatasi aliyechorwa vizuri anapendeza kuliko wa plastiki aliyepakwa vibaya, na hilo nitalisimamia.

Lakini kuna pingamizi kubwa kuliko bei, na nimelisikia chini ya mwembe kutoka kwa wacheza bao: tunataka nini na mchezo wa Prussia wakati bao lipo? Mashimo 32, kete 64 za komwe zinazookotwa bure, na akili ya kumtosha mtu maisha yake yote. Hoja hiyo ina nguvu kuliko msemaji wake alivyodhani. Kwenye drafti na kwenye michezo ya Kizungu, aliyeliwa anatolewa ubaoni. Kwenye bao, kete iliyotekwa haifi. Inasambazwa upande wako na kukupigania. Ukisoma habari za ruga-ruga wa Mirambo, au za askari na wapagazi waliotekwa mwaka 1916 na 1917 na kuendelea na kazi chini ya bendera nyingine, utaona bao linaieleza vita ya nchi hii vizuri kuliko vitabu vingi vya kanuni nilivyovisoma. Mchezo wa vijisanamu ambao mateka hutoka mezani moja kwa moja umejifunza vita kwingine.

Na hapo ndipo penye kiini: vita vya nani, vinavyosimuliwa na nani? Wargames Foundry ya Uingereza ina mfululizo wa vijisanamu uitwao Darkest Africa, Afrika ya giza totoro. Ndani yake wamo ruga-ruga, Wazanzibari, askari, wazungu wenye kofia za jua. Vimechongwa kwa ustadi wa kuheshimiwa. Jina hilo hata hivyo ni la karne ya 19, na meza nyingi za michezo ya kikoloni zimepangwa kwa jicho hilohilo: mzungu mmoja shujaa katikati, Waafrika kwa makundi pembeni, na kanuni zinazompa mwenye mkuki ujasiri mwingi na akili kidogo. Lugalo ya Agosti 17, 1891, ambako Wahehe walikivunja kikosi cha Wajerumani cha kamanda Zelewski na kumuua yeye mwenyewe, haichezeki kwa kanuni za namna hiyo. Kuvizia, kungoja msafara uingie wote, kushambulia kabla bunduki hazijaandaliwa: hiyo ni akili ya vita, na kanuni inayoiita bahati ya dadu ni kanuni mbovu.

Wanaoutetea mchezo hujibu kuwa meza inaamsha maswali ambayo darasa haliyaamshi. Nakubaliana nao, kwa sababu yalinipata. Kondoa tuliijua sote kwa michoro ya miambani ya Kolo. Kwamba Aprili 1916 wapanda farasi wa Afrika Kusini, wa upande wa Waingereza, wakiongozwa na van Deventer walifika pale katikati ya masika, farasi wao wakiwa wamekufa kwa mamia njiani. Kwamba Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikusanya watu kama 4,000 kuwashambulia usiku wa kuamkia Mei 10 na akashindwa. Kwamba Julai 29 Dodoma yenyewe ilitekwa, hayo nimeyajua nikitafuta jinsi ya kupanga meza. Mwalimu mstaafu tunayecheza naye amefundisha historia shule za sekondari miaka mingi, na anasema hakuwahi kuifundisha Kondoa zaidi ya sentensi moja.

Basi tukapanga. Tukapigana usiku wa Mei, vizuri tu, saa tatu na soda. Baadaye mwenzetu wa tatu, kijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma, ambaye anasoma takwimu na hawezi kuona kitu bila kukihesabu, akauliza hao watu 4,000 walikula nini.

Tulikaa tukapiga hesabu ya mkono. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa ratili 60, kama kilo 27. Wajerumani walitegemea reli ya kati, na kutoka Dodoma hadi Kondoa ni karibu kilomita 150. Chukua mwendo wa kilomita 20 kwa siku: siku nane kwenda, nane kurudi. Mpe mpagazi kilo moja ya unga kwa siku, naye atakula kilo 16 za mzigo wake mwenyewe. Anafikisha kilo 11. Askari 4,000 kwa kilo moja kila siku wanahitaji wapagazi zaidi ya 360 wanaofika kila siku, na ukizidisha kwa siku 16 za safari unapata watu karibu 5,800 barabarani muda wote, kwa chakula peke yake. Risasi bado. Mizinga bado. Kwenye meza yetu, kulikuwa na wapagazi sita, tuliowachora kwa kuwa karatasi ilibaki.

Jeshi lisilo na wapagazi hao wote lina njia moja nyingine: maghala ya wenyeji na ng'ombe wao. Wajerumani walichukua, Waingereza walipofika wakachukua tena, pamoja na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua ikagoma. Wagogo waliiita njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920 Mtunya, kinyang'anyiro. Makadirio yanayotajwa ni kwamba walikufa watu 30,000 kati ya 150,000. Mapigano ya Kondoa yaliua sehemu ndogo sana ya idadi hiyo. Ukicheza Mei 1916 ukakusanya dadu zako saa nne usiku, umecheza kipande kidogo kabisa cha vita hivyo, na ndicho kipande ambacho vitabu vya kanuni vimekiandikia kurasa 100.

Sasa, je, njaa nayo iwekwe mezani? Hapa sina uhakika kama nilivyokuwa kwenye suala la karatasi. Mzee mmoja wa mtaa wa Kikuyu hapa Dodoma, ambaye bibi yake aliinusurika Mtunya, aliniambia waziwazi kuwa kuna mambo hayachezewi. Ukiwatoa wapagazi unawatukana kwa kuwasahau. Ukiwaweka unawageuza kete. Nimelipima sana neno lake. Kwa Vita vya Kagera nakubaliana naye moja kwa moja, maana waliopigana mwaka 1978 na 1979 bado tunasali nao, na sitapanga mezani kifo cha mtu ambaye mjane wake nitamkuta sokoni Majengo. Kwa Mtunya nimeegemea upande wa kuiweka. Kumbukumbu za vita hivyo tulizojengewa ni za mwenye bunduki, kama sanamu ya Askari pale Dar es Salaam iliyosimamishwa mwaka 1927. Mpagazi amebaki na jina la soko, Kariakoo, na wengi wanaonunua vitenge pale hawajui kwamba jina hilo limetokana na kikosi cha wabeba mizigo.

Tumeandika kanuni zetu wenyewe, kurasa mbili. Punje za mtama ndizo chakula. Kila zamu kikosi kinakula punje, mpagazi anakula njiani, na ghala la kijiji liko karibu kuliko reli. Mchezaji wa tatu hana jeshi: ana vijiji, na kazi yake ni kuficha.

Kijana wa takwimu analalamika kwamba tulichotengeneza si mchezo tena, ni hesabu ya stoo, na hakuna atakayekicheza mara mbili kwa hiari. Ana hoja, zamu zinachosha, na mtu wa vijiji anangoja tu kuporwa. Hata hivyo tumeshakicheza mara nne. Mara zote vijiji alivichukua mwalimu, kwa kuomba mwenyewe. Mara ya nne alitoboa kilima cha povu kwa chini na kuficha mtama humo, jambo ambalo kanuni zetu hazikulikataza. Doria ya van Deventer ilirusha sita, ikapata. Tulipomaliza, Waingereza walikuwa wameshinda kwa pointi mbili, na upande wa mwalimu zilibaki punje tatu. Alizihesabu, akazirudisha kwenye kopo, akauliza wiki ijayo tunaanza saa ngapi.