Wilaya haipiki, kaya ndiyo inayopika

Wiki hii imenifikia video ya kiongozi mmoja amesimama mbele ya mitungi ya gesi iliyopangwa mistari. Anasema kwa fahari kwamba safari hii hakuna wilaya iliyopendelewa, kila moja imepata mitungi 3,255. Watu wanapiga makofi. Nimejaribu kulinyamazia jambo hili, nimeshindwa, kwa sababu kinachoshangiliwa pale ndicho kinachoniuma.

Hesabu ya REA, Wakala wa Nishati Vijijini, haikuwa na ugumu wowote. Mitungi 452,445 ya kilo 6, kwa nusu bei, ikagawanywa kwa wilaya 139 za Tanzania Bara, basi. Haikuulizwa wilaya ina watu wangapi. Haikuulizwa maskini wake ni wangapi.

Chukueni mikoa miwili ninayoifahamu: Rukwa nilikozaliwa, na Njombe ninakofanyia kazi. Rukwa ina wilaya tatu, yaani Sumbawanga, Nkasi na Kalambo, kwa hiyo fungu lake ni mitungi 9,765. Njombe ina wilaya nne, kwa hiyo 13,020. Sasa fungueni sensa ya 2022. Rukwa ina watu 1,540,519, Njombe 889,946. Mkoa uliozidi mwenzake kwa watu laki sita na nusu ndio uliopata mitungi michache, pungufu kwa zaidi ya elfu tatu. Kwa Njombe ni mtungi mmoja kwa watu 68 hivi. Kwa Rukwa, mmoja kwa watu 158.

Halafu kuna umaskini wenyewe. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 uliikuta Rukwa na asilimia 45 ya watu wasiomudu mahitaji ya msingi, wakati kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 26.4. Ruzuku ni fedha za umma zilizotengwa kwa ajili ya asiyejiweza. Zinawezaje kuuruka mkoa wenye wasiojiweza wengi namna hiyo, kisa tu una wakuu wa wilaya watatu badala ya wanne?

Maana wilaya ni mipaka ya utawala. Makete ya Njombe ina watu laki moja na ushee. Sumbawanga, ukijumlisha manispaa na vijiji vyake, ilishapita laki tano tangu sensa ya 2012. Kwenye mgao huu zote mbili zimehesabiwa moja moja. Ni sawa na kumpa mama wa watoto wawili na mama wa watoto wanane sahani moja moja ya ugali, kisha ukatangaza kwamba umetenda haki.

Kigoma na Kilimanjaro nazo zina wilaya sita sita, kwa hiyo kila moja fungu lake ni 19,530, ingawa Kigoma ina watu laki sita zaidi.

Ndugu zangu wa Njombe msininunie. Sisemi mlipewa vya bure msivyostahili. Nimeingia majiko ya Ludewa na Makete wakati wa baridi kali, moshi umejaa mpaka macho hayafunguki, na hata mitungi mliyopata haitoshi. Nakubali pia kwamba kugawa sawa kwa sawa kunaharakisha kazi na kunapunguza ugomvi wa wabunge, kila mmoja akivutia kwake. Ila kuepusha ugomvi hakuwezi kuwa kipimo cha ruzuku ya maskini.

Hata ndani ya wilaya, mtungi ulikwenda kwa aliyewahi. Masharti yalikuwa uje na namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na nusu ya bei mkononi. Shangazi yangu anaishi mwambao wa Ziwa Tanganyika, upande wa Kirando. Lori lilipofika lilisimama Namanyere, makao makuu ya wilaya ya Nkasi. Kutoka kwake mpaka pale ni safari ya gari, na nauli ya kwenda na kurudi inameza sehemu kubwa ya punguzo lenyewe. Hakwenda. Walioondoka na mitungi ni wenye mishahara na wenye maduka ya pale mjini, na siwalaumu, tangazo liliwafikia na fedha walikuwa nazo. Nilipomuuliza shangazi kwa nini hakutuma hata mtu, alinijibu, "Mwanangu, na ikiisha nitaijaza kwa nini? Kuni naokota." Kujaza mtungi wa kilo 6 ni zaidi ya shilingi elfu ishirini, tena kwa fedha taslimu, siku moja. Huyu nusu bei haimfikii kabisa. Anahitaji mtungi wa bure na msaada wa kuujaza, au jiko banifu litakalompunguzia kuni.

Na serikali inamjua. TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ina orodha ya zaidi ya kaya milioni moja za walengwa, kijiji kwa kijiji, na kwa miaka mingi imezilipa ruzuku. Fedha zile zinafuata kaya. Kama mkoa una walengwa wengi, unapata nyingi. Kwa nini gesi isipite njia hiyo hiyo?

Kwenye nguzo za umeme za REA hiyo hiyo kuhesabu maeneo kulikuwa na mantiki, kwa sababu laini inapelekwa kijijini, na ndivyo vilivyofikiwa vijiji vyote 12,318. Mtungi haukai kijijini. Unakaa jikoni kwa mtu.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Nautaka mkakati huo ufanikiwe kwa moyo wangu wote, nimezika watu waliokohoa miaka na miaka kwenye majiko ya kuni. Kwa hiyo nawaomba wabunge wa Rukwa, Katavi na Kigoma, Wizara ya Nishati itakapowasilisha bajeti yake, msishike shilingi kwa ajili ya kitu kingine kabla ya hili: awamu ijayo igawanywe kwa idadi ya kaya maskini, lori lifike Kirando na Kabwe na si kuishia Namanyere, na orodha ya waliopata ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji kila mtu aisome.