Chupa Iliyobonyea Mombo

Tulipofika stendi ya Mombo, mwanangu wa miaka saba aliniwekea chupa tupu ya maji mbele ya uso. "Mama, nani kaibonyeza chupa yangu?"

Hakuna aliyeigusa. Maji aliyamaliza tukiwa bado Lushoto, nikamwambia aikaze kizibo barabara na asiifungue mpaka tushuke. Aliipakata njia nzima, na kona zote zile, na sasa ubavu wake ulikuwa umeingia ndani kama shavu la mtu anayefyonza kokwa la embe.

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nikalimeza. "Wewe unadhani imekuwaje?"

"Hewa imevuja."

"Haya, legeza kizibo taratibu, weka kidole pale mdomoni usikilizie."

Akalegeza. Chupa ikafanya tsss, ubavu ukarudi mahali pake. Alitulia kidogo, kisha akapiga kelele mpaka abiria wakageuka: "Haijatoka! Imeingia!"

Lushoto iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,400 hivi, Mombo kama 400. Ndani ya mwendo wa kilometa 30 na ushei unateremka mita 1,000 nzima, na hewa ya huku chini inakandamiza zaidi kuliko ya kule juu, kwa zaidi ya moja ya kumi. Chupa ilifungwa na hewa nyepesi ya mlimani, ikaja kuelemewa na nzito ya bondeni. Dada yake yuko darasa la sita na neno "kanieneo", yaani nguvu inayokandamiza juu ya eneo, alikuwa amelikariri kwa ajili ya mtihani. Siku hiyo ndiyo alipoliona likifanya kazi. Aliishika ile chupa, akaigeuza geuza, akasema, "Kumbe ndiyo hii."

Ninaandika haya kwa sababu kila likizo inapokaribia, kwenye magrupu ya wazazi swali ni lile lile: mtoto umemwandikisha tuisheni ipi? Naelewa hofu iliyo nyuma yake, mimi mwenyewe ninayo. Lakini nimefika mahali naamini kwamba mtoto anayepelekwa tuisheni ya sayansi wiki nne mfululizo, huku familia ikiwa na nauli ya kwenda kwa bibi, ananyimwa sayansi yenyewe. Anachoka na maneno kabla hajakutana na vitu vinavyotajwa na maneno hayo.

Kutoka Mombo tulienda Ushongo, kusini mwa mto Pangani. Mizigo ya masomo ilikuwa kamba ya mita kumi, daftari moja na saa ya simu yangu. Asubuhi ya kwanza tulimkuta mzee mmoja akitengeneza wavu wake. Binti akamwamkia, "Shikamoo babu," akaitikiwa, halafu akauliza maji yatatoka mpaka wapi. Mzee hakutazama hata bahari. "Leo mwezi kumi na nne, mjukuu wangu. Bamvua hilo linaingia, maji makubwa. Maji yatakwenda mpaka kule kwenye mwamba, kama saa tatu na nusu hivi."

Basi tukaamua kumfuatilia mzee. Kuanzia saa moja asubuhi, kila robo saa watoto walichomeka kijiti pale maji yalipoishia. Vijiti vya mwanzo vilipishana hatua nyingi sana. Kisha nafasi ikaanza kupungua: hatua ishirini, kumi na mbili, tano. "Maji yanachoka," alisema mdogo. Nilitamani kumsahihisha, nikajizuia, maana hajakosea kitu: bahari inapokaribia mwisho wa kupwa hupunguza mwendo, husimama, ndipo hugeuka. Kijiti cha mwisho kilichomekwa saa 3:30. Cha baada yake kililoa kwa nyuma.

Kesho yake maji yaligeuka saa 4:10, na siku ya tatu ikawa karibu saa 4:50. Binti alizipanga zile saa kwenye daftari na swali likaja lenyewe: mbona kila siku bahari inachelewa? Usiku tulikaa nje na mwezi mpevu, yeye akiwa dunia anajizungusha, mdogo wake akiwa mwezi anamzunguka polepole. Alipomaliza mzunguko mmoja akamkuta mdogo wake ameshasogea, akalazimika kujizungusha kidogo zaidi ili waonane uso kwa uso. Ni hapo tu, maana kupwa na kujaa hufuata mwezi! Kwa wastani uchelewaji huo ni dakika 50 kwa siku. Wakati wa bamvua hupungua, wakati wa maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo, huzidi. Yule mzee haya yote anayahesabu kwa tarehe za mwezi, na nilifurahi kwamba watoto walimwona kuwa mtu wa elimu, maana ni mtu wa elimu.

(Mkienda mwambani, vaeni ndala ngumu, geukeni mara maji yanapogeuka, na kiti cha pweza, yule kiumbe wa umbo la nyota, kiacheni pale pale majini. Kutazama kunatosha.)

Jambo moja tulilianzia Lushoto tukalimalizia nyumbani Dar. Tulipokuwa kule nilikuwa nimewasimulia juu ya Magamba, pale juu kidogo ya mji. Mwaka 1963 mwanafunzi wa shule ya sekondari ya hapo, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Kwa kuhofia kukosa nafasi kwenye friza, aliweka maziwa yake yakiwa bado ya moto, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyowekwa bila kuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Hakuliacha swali lake. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwanafizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, wenzake wakamcheka. Osborne akaenda kulijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Hadi leo wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo.

Nyumbani tuliweka vikombe viwili kwenye friza, maji ya moto na ya baridi. Ya baridi yakaganda kwanza.

"Kwa hiyo Mpemba alikosea?" mdogo aliuliza, amenuna kweli kweli.

Nikamwambia sijui, na ndivyo ilivyokuwa. Dada yake alikuwa ameshavitoa vile vikombe na kuviweka mezani sambamba. Kimoja cha bati, kingine cha plastiki. Na yetu yalikuwa maji, si maziwa yenye sukari. Ameshaandika daftarini: Desemba, vikombe viwili vya bati, vya saizi moja, maziwa nusu nusu, na mama asifungue friza.