Trei ya mayai analipa nani?
Mwandishi, kwenye makala yako unasema vijana wa Arusha wanaotunisha misuli wakipata taji tu, maisha yamenyooka. Taratibu kaka. Ronnie Coleman alitwaa Mr. Olympia, taji kubwa kabisa la watunisha misuli duniani, mara 8 mfululizo, 1998 hadi 2005, na alipoanza kushinda bado alikuwa polisi kule Arlington, Texas. Baadaye mgongo na nyonga vikapasuliwa mara kadhaa, akaishia kutembelea magongo. Pudzianowski wa Poland, bingwa wa dunia wa wenye nguvu mara 5, mwaka 2009 akahamia kwenye mapigano ya ulingoni. Sisi hapa Ngarenaro, Arusha, tunanyanyua makopo ya saruji (usicheke, yanajenga kifua), na aliyejazia kutuzidi wote ni baunsa wa baa. Trei ya mayai kwa wiki ya kulisha misuli hiyo inamshinda kununua. Hilo mbona hukumuuliza mtu?