Kiwanda Kimekosea

Haya, kwa kuwa ile video yangu nikijaribu kufunga kipande cha gari nilichochonga mwenyewe imeshazunguka, na jana mtu nisiyemjua kabisa amenisalimia "Fundi, kiwanda kimekosea?", acheni niseme mwenyewe. Aliyeirusha ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana, na maelezo aliyoweka chini ya video si ya kweli. Ameandika "kaweka juu chini". Sikuweka juu chini. Kadibodi ya kuchorea matundu niliiweka juu kabisa, kama ilivyoandikwa. Kilichokuwa juu chini ni kipande. Hayo ni mambo mawili tofauti, na atakayecheka kabla sijamaliza asiendelee kusoma.

Gari langu mnalijua. Safari hii kilichokufa ni kofia ya themostati (kidude kinachofungua njia ya maji injini ikipata moto), ile inayokaa kwenye silinda hedi, yaani kichwa cha injini, na kushika mpira wa juu wa rejeta. Mwenye gari kabla yangu alikuwa anatia maji matupu mwaka nenda mwaka rudi, bila kulanti, ile dawa ya kuzuia kutu, na alumini haina msamaha: shingo ilikuwa imeliwa kama jino bovu. Nilipolegeza klipu na kuvuta mpira, mpira ulitoka na shingo ndani yake.

Kipuri hakitengenezwi tena. Mtu mwenye akili angetafuta cha mtumba. Mimi nina mashine ya kukereza, ile inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga.

Naomba mnielewe hapa, maana ndipo panaponiuma: kazi ilikuwa nzuri. Nilianza na gogo la alumini lenye kipenyo cha milimita 100. Mkerezaji mgeni huwa anasahau kwamba ukiingiza kisu milimita 1, kipenyo kinapungua milimita 2, maana chuma kinaliwa pande zote. Mimi sikusahau. Nilikuwa naingiza kisu kidogo kidogo, nasimamisha mashine, napima, naingiza tena. Vernia yangu, kile kipimo cha mkononi chenye taya mbili, inasoma hadi milimita 0.02 na nilikuwa naiamini kuliko ndugu zangu. Shingo nikaikereza, mwishoni nikaiachia ukingo wa kuzuia mpira usichomoke. Chini nikachimba kiti cha themostati, milimita 54. Nikapiga msasa mkavu, nikapiga msasa wa maji, nikang'arisha kwa kitambaa mpaka nikajiona meno. Kisha, na hili rafiki yangu hakulisema kwa sababu hakulijua, nikagonga herufi za jina langu kwa mihuri ya chuma. Upande wa juu, ili kila atakayefungua boneti ajue.

Yakabaki matundu ya bolti. Matatu, na hayajapangwa kwa usawa. Kila moja lina umbali wake na mwenzake. Kwa hiyo nilifanya kama wanavyofanya mafundi wote: nikaweka kadibodi juu ya silinda hedi, nikaigongagonga kwa nyundo ndogo mpaka kingo za matundu zikajichapa. Nikaandika kwa kalamu ya wino mzito, herufi kubwa: JUU. Kumbukeni neno hilo.

Nikachora, nikatoboa kwa keekee, milimita 9 kwa bolti za M8, yaani zenye unene wa milimita 8. Nikaita watu.

Ndiyo, nimesema niliita watu. Mnaniuliza "nani alikutuma?" Hakuna aliyenituma. Nilimwambia rafiki yangu aje na simu yake yenye kamera nzuri, akaja na wawili zaidi, na mpwa wangu wa miaka tisa alikuwepo tayari kwa sababu shule zimefungwa.

Sasa twende polepole.

Nimesimama mbele ya boneti. Kipande kiko kwenye kitambaa cheupe. Kitambaa cheupe, jamani. Nakifunua. Mmoja anasema "Lo!" Nakishika kwa vidole viwili, nakilaza mahali pake. Kinakaa. Nyuso mbili za alumini zinagusana bila mwanya. Themostati sijaweka bado, haya ni majaribio tu.

Bolti ya kwanza. Inaingia kwa vidole, bila spana, laini. Naiangalia kamera.

Bolti ya pili. Vilevile. Hapo ndipo nilipoanza hotuba. Nasema, na mnaweza kunisikia vizuri tu, "Watu wanadhani usahihi unanunuliwa."

Bolti ya tatu. Naipaka grisi kidogo kwa madaha. Naishusha kwenye tundu. Inagota. Naizungusha kwa kidole na inazunguka, lakini ni ule mzunguko wa bolti isiyokamata kitu, kama mlevi anayetafuta tundu la kufuli. Naitoa. Nachungulia.

Ukichungulia tundu la bolti lililoko mahali pake unaona giza, kwa sababu chini yake kuna tundu jingine. Mimi niliona mwanga. Niliona uso wa silinda hedi, safi, niliousugua mwenyewe asubuhi ile, unanitazama.

"Vipi, fundi?"

"Kuna kautofauti kadogo."

Kautofauti chenyewe kalikuwa zaidi ya sentimita 2.

Nikatoa bolti zote. Nikazungusha kofia. Nikaanza na ya tatu: ya tatu ikaingia, ya pili ikaingia, ya kwanza ikagoma. Nikazungusha tena. Mbili zozote zinaingia, moja inakataa. Jasho likaanza. Nikachukua vernia, nikapima injini kutoka tundu hadi tundu: 48, 62, 71. Nikapima kipande: 48, 62, 71. Nikarudia. 48, 62, 71. Kila namba sawasawa, na bolti haiingii.

Ninyi mngesema nini? Niambieni kweli. Mtu amepima mara mbili, namba zinakubaliana, kamera inawaka, shingo inamwasha. Nilinyanyuka, nikafuta mikono kwenye kile kitambaa cheupe, nikaiangalia kamera kwa utulivu wa daktari anayetoa habari mbaya, nikasema:

"Vipimo vyangu viko sawa. Hapa kiwanda kimekosea kutoboa."

Rafiki yangu, bila kushusha simu: "Lakini ile kofia ya zamani si ilikuwa inakaa?"

"Ilikuwa inalazimishwa."

Ndivyo nilivyosema. Inalazimishwa. Bolti tatu, miaka yote hiyo, zinalazimishwa. Nikaendelea, Mungu anisamehe, kueleza kwamba vyuma vya zamani huwa vinahama.

Wakati nahutubu kuhusu kuhama kwa vyuma, mpwa wangu akachukua kofia, akaigeuza shingo chini kama mtu anayefunika sufuria, akaiachia kwenye injini. Ikadumbukia tup! Shingo yote imezama ndani ya kinywa cha injini. Akachukua bolti moja, ikaingia. Ya pili, ikaingia. Ya tatu.

"Mjomba, mbona hivi inaingia?"

Matundu yote matatu yamekaa kwa usahihi wa milimita 0.02, na shingo ya kushikia mpira wa rejeta inaangalia tumboni mwa injini. Herufi za jina langu nazo zimegeukia humo humo, hakuna atakayezisoma. Aliyesema "Lo!" mwanzoni alikaa chini sakafuni. Rafiki yangu hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu mtu anayerekodi huwa hacheki akiogopa simu itatikisika.

Kosa nililiona usiku, peke yangu, nikiwa na kadibodi mkononi. Juu ya kofia kuna shingo, kwa hiyo huwezi kulaza kadibodi hapo. Unachorea chini, upande unaogusa injini. Nami nilikilaza kipande kichwa chini, nikaweka kadibodi na neno JUU likatazama juu, kama nilivyojiandikia. Nilitii. Lakini kilichokuwa juu wakati ule kilikuwa chini. Nilichopata ni kofia ya kwenye kioo: kila umbali ni uleule, kila kitu kiko upande mwingine. Ndiyo maana vernia haikusema kitu. Vernia inapima umbali tu, kulia na kushoto hainiambii.

Kwa hiyo, "kaweka juu chini"? Hapana. Soma tena.

Yaliyofuata hayana utamu. Nikanunua gogo jingine, nikakereza upya, kwenye kadibodi mpya nikaandika HUKU INJINI upande wenye alama za grisi, na nikachorea nikiwa nimemfungia mpwa wangu mlango. Gasketi, themostati ya nyuzi 82, bolti tatu, zote zimeingia. Injini ikapata moto, themostati ikafunguka, mpira ukawa wa moto, hakuna tone lililodondoka. Nilimwita rafiki yangu aje kurekodi. Akasema siku hiyo ana shughuli.

Herufi za jina sikugonga safari hii.

Ile ya kwanza ipo juu ya meza ya kazi, inang'aa. Kama kuna mwenye injini kama yangu iliyotoka kiwandani ikiwa imegeuzwa kushoto kulia, anitafute. Vipimo viko sawa.