Mimi na Faili Langu Berlin

Watu wa kwetu Lindi wana imani moja ambayo haijapata kutikiswa na ushahidi wowote: kwamba mtu akishapanda ndege kwenda Ulaya, shida zake hubaki uwanja wa ndege wa Dar es Salaam zikimpungia mkono. Mimi ninayesoma Berlin, ninayelala na faili la karatasi chini ya mto, nimechoka kubishana nao. Wao wameiona picha yangu nimesimama kwenye theluji nikicheka, basi. Hawajui kwamba saa ile nilikuwa nimetoka kuambiwa ofisini kwamba karatasi niliyopeleka ni sahihi kabisa, ila ilitakiwa nakala yake, na nakala hiyo ilitakiwa iwe na muhuri, na mwenye muhuri haonwi ila kwa miadi.

Nianze na fedha, maana ndizo zinazonigombanisha na ukoo. Ujerumani haimpi mwanafunzi viza mpaka aonyeshe kwamba atakuwa na cha kula, na njia inayotumiwa na wengi wetu ni kuweka fedha za mwaka mzima katika akaunti inayofungwa. Tangu Septemba 2024 kiwango chake ni euro 11,904. Ukishafika unafunguliwa euro 992 kila mwezi, na hata senti moja ya ziada haitoki, ulie usilie. Fedha ni zako, zimetokana na kiwanja cha baba na kibubu cha shangazi, lakini unapewa kwa kipimo. Sasa mweleze mjomba. Mjomba alikisikia kiwango hicho, akakigeuza kuwa shilingi, akaona mamilioni yamejipanga, na tangu siku hiyo hunipigia simu kwa heshima ambayo sikuwahi kuonjeshwa tangu nizaliwe. "Mpwa wangu," huanza, "kama si umri, leo ningekuamkia mimi." Kisha anaomba pikipiki ya bodaboda. Nikimweleza kwamba fedha zipo ila zimefungwa, anauliza ufunguo ameushika nani.

Suala la nyumba ndilo lililonizeesha. Sheria inamtaka anayehamia mahali ajiandikishe katika ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili. Kujiandikisha kunahitaji barua ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba, kabla hajakuonyesha hata ufunguo, anataka akaunti ya benki ya huku, uthibitisho wa kipato, na cheti kinachoeleza historia ya madeni yako. Ukienda benki, karani anatabasamu vizuri kabisa na kukuuliza kama umeshajiandikisha katika ofisi ya wakazi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini falsafa ilistawi sana katika nchi hii. Na kuhusu hayo madeni, mimi niliondoka Lindi nikidaiwa na mwenye duka mmoja tu wa mtaani, ambaye daftari lake la mikopo halisomeki hata kwake yeye mwenyewe. Cheti cha mambo hayo angenitolea nani?

Hatimaye chumba nilikipata kwa usaili. Si mzaha: vijana watatu waliokuwa wakitafuta mtu wa nne wa kuchangia nyumba waliniketisha jikoni, wakanimiminia chai ya mnanaa isiyo na chembe ya sukari, wakanihoji kama mtu aliyekwenda kuposa bila mshenga. Ninalala saa ngapi? Nina msimamo gani kuhusu vyombo vichafu? Ninapika nini? Nikasema samaki. Wakatazamana. Mmoja akauliza kwa upole kama samaki huyo ana harufu, nami nikamjibu kwamba wa Lindi anayo, ila huyu wenu wa kwenye jokofu la dukani hana harufu wala ladha, kwa hiyo wasiwe na hofu. Nadhani walinipokea kwa kuchoka. Sijamaliza hata kutandika kitanda, ikatua barua ya kudai ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Nilipojieleza kwamba televisheni sina na redio sina, nikafahamishwa kwamba ada hiyo hailipiwi chombo, bali hulipiwa nyumba.

Na nyumba yenyewe ina masharti yake. Jumapili ni siku ya kimya. Maduka, isipokuwa machache, yamefungwa. Chupa tupu hairuhusiwi kuitumbukiza kwenye kontena la vioo kwa sababu italia. Na anayetoboa ukuta siku hiyo ametangaza vita. Sasa mimi ninacho kinu kidogo cha mbao, nilichofungiwa na mama pamoja na iliki na mdalasini, na Jumapili moja nilitwanga tangawizi ya chai, matwango machache tu ya adabu. Jioni nikakuta karatasi imebandikwa mlangoni. Ilikuwa na tarehe, saa ambayo kelele ilianza, saa ambayo kelele ilikoma, na maelezo kwamba sauti hiyo ilikuwa ya kugonga na yenye kujirudia; chini kabisa mwandishi alinisalimia kwa urafiki na kutia sahihi. Mwandishi huyo anakaa chini yangu, na kati ya mlango wake na wangu kuna ngazi ambazo hata bibi yangu mwenye magoti mabovu angezipanda akiimba. Kwetu jirani angepanda, angepiga hodi, angelalamika, angeonja hiyo chai, kisha angeshuka akiwa amekwisha kusahau kilichompandisha. Huku alipanda vilevile, akabandika, akashuka kwa kunyata, na chai akaikosa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kugonga kwenyewe hawakuchukii. Mhadhara unapokwisha chuoni, wanafunzi hawapigi makofi. Wanagonga meza kwa vifundo vya vidole, ukumbi mzima, na mara ya kwanza nilidhani mhadhiri anafukuzwa, nikamwonea huruma. Ile nayo si sauti ya kugonga, yenye kujirudia? Nani kaandikiwa barua?

Halafu kuna habari za wakati. Nilionywa tangu nyumbani kwamba Mjerumani hachelewi, kwa hiyo nikajitayarisha kuishi kwa dakika. Kumbe mhadhara ulioandikwa saa nne huanza saa nne na robo, kwa desturi ya vyuo vya huku ya tangu zamani, na anayefika saa nne kamili huzungumza na ubao. Treni nayo ikichelewa dakika 5 huhesabiwa imewahi. Mimi nikichelewa dakika 5 kwenye miadi ya ofisini nahesabiwa sikuja, na miadi mpya ni ya mwezi ujao. Jua ndilo halina hata hiyo desturi. Mwezi wa Desemba linazama Berlin kabla ya saa kumi jioni, mtu anaswali magharibi kisha ndiyo kwanza anakwenda kwenye kipindi cha alasiri. Mama hunipigia baada ya adhana ya magharibi ya Lindi, wakati kwangu ni saa kumi na nusu, na kwa kuwa kwenye video anaona giza limetanda dirishani, haamini. "Mwanangu, huko ni saa ngapi kweli?" Nikimwambia saa kumi na nusu, ananyamaza kidogo, kisha anauliza kama ninakula vizuri, kwa sauti ile anayomsemesha mgonjwa wa malaria iliyopanda kichwani.

Nyumbani wanasema pia kwamba ukishapata kadi ya ukaazi, Ulaya yote ni yako. Ni kweli kwa masharti: kadi ya Ujerumani inakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizofutiana ukaguzi wa mipakani, kwa siku 90 katika kila siku 180, hesabu ambayo unaifanya mwenyewe kwa vidole ndani ya basi la usiku la Paris, kwa kuwa nauli ya treni ni ya wenye mishahara. Mipaka tuliambiwa iliondolewa, lakini tangu Septemba 2024 Ujerumani ina ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, kwa hiyo wakati wa kurudi askari alipanda basini saa tisa usiku akiwa na tochi. Watu wote walikuwa wamelala vinywa wazi. Tochi ikapita juu ya kichwa kimoja, ikapita cha pili, ikapita, ikapita, iliponifikia ikatua. Mimi faili nilikuwa nalo mapajani. Nikamkabidhi pasipoti, kadi ya ukaazi, barua ya chuo na cheti cha bima ya afya, kisha nikamwuliza kama angependa na cheti cha kuzaliwa. Hakupenda. Binamu yangu wa London naye kila Idi ananialika kwa biriani, na kila Idi ninamweleza upya kwamba Uingereza haimo Schengen na inataka viza yake yenyewe. Anasema mimi nimekuwa Mzungu, ninaringa.

Ndipo nikaenda kumtembelea mtu wa kwetu aliyefanikiwa. Mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria aliyechimbuliwa Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913 enzi za Mjerumani, yumo katika jumba la makumbusho, Museum für Naturkunde, hapa Berlin, amesimama wima kwa mita 13.27. Mifupa iliyotolewa kule Tendaguru ilizidi tani 200, na walioibeba hadi bandarini Lindi ni wapagazi wetu, kwa mabega na vichwa. Mimi mjukuu wa watu hao nikalipa kiingilio. Nikamtazama kwa wivu. Huyu hakuonyesha euro 11,904. Hana barua ya mwenye nyumba, hana bima, ada ya redio haijui, na tangu aliposimamishwa mwaka 1937 hakuna aliyemtaka ahuishe kibali. Amepewa ukumbi wenye dari la kioo, wakati mimi nikinyoosha mikono chumbani nashika kuta mbili. Kitu kimoja tu ninachomsifia: hatwangi Jumapili.

Bibi mmoja wa Kijerumani, mwenye mwavuli na uso mwema, aliniona nimeganda pale akaniuliza ninatoka wapi. Nikamwonyesha mjusi kwa kidole, nikamwambia kwetu ni kwao huyu. Akafurahi sana, akamsifia mjusi, akaisifia Tanzania, kisha akaniinamia na kuniuliza, kwa upole wote, ninarudi kwetu lini. Nikamjibu kwamba kibali changu kinakwisha Machi. Kuhusu huyu aliye nyuma yangu, awaulize wenye jengo.