Kura ya Mpangaji: Kibra na Lang'ata Baada ya Raila

Tangu Raila Odinga, kinara wa chama cha ODM, afariki Oktoba 15, 2025, mazungumzo kuhusu eneo bunge la Kibra jijini Nairobi yamekuwa ya mirathi. Nani atalichukua? Chama kipi kitaingia 2027? Maswali hayo yamejengwa juu ya dhana iliyozoeleka mno katika siasa za Nairobi: kwamba Kibra ilikuwa chumba cha kulala cha Baba, yaani ngome ya Raila, na kwamba wakazi wake hupiga kura kwa kabila na mazoea, akisimama yeyote mwenye tiketi ya chama wanamchagua. Ukiifuata historia ya kura zenyewe, dhana hiyo inawaonea watu wale.

Wanaoishikilia wana ushahidi, na si mdogo. Raila alishinda kiti cha Lang'ata, ambacho wakati huo kilikumbatia Kibera yote, makazi ya mabanda ambayo leo yako katika Kibra, mwaka 1992 kwa tiketi ya Ford-Kenya. Alipohama chama akarudi debeni 1997 na NDP, akashinda uchaguzi mdogo, kisha akashinda tena uchaguzi mkuu wa Desemba mwaka huo huo. Mwaka 2002 alikuwa chini ya NARC, na 2007 chini ya ODM. Vyama vinne, mtu mmoja, matokeo yale yale. Kibra ilipopata kiti chake 2013 akaingia Ken Okoth wa ODM, akarudishwa 2017. Okoth alipofariki Julai 2019, kiti kikaenda kwa ndugu yake, Bernard Otieno Okoth, anayejulikana zaidi kama Imran, naye wa ODM. Mwaka 2022 akaja Peter Orero, wa chama hicho hicho. Mkosoaji anauliza: miaka thelathini bila mabadiliko, na mitaro ya maji taka ingali wazi pale Laini Saba, mtaa wa Kibera, mpiga kura amepata nini? Chama kisichoogopa kushindwa kitajisumbua kwa nini?

Swali hilo lina uzito. Mimi nalijibu kwa kuanzia nyuma ya 1992, mahali ambapo wachambuzi wengi hawafiki. Lang'ata haikuzaliwa ngome ya mtu. Mwaka 1974 ilimchagua Mwangi Mathai, Mkikuyu. Mwaka 1979 ikamchagua Philip Leakey, Mzungu, na baadaye ikamrudisha bungeni tena. Wakazi walioweza kufanya hivyo hawakuwa watu wasiojua kuchagua nje ya kabila. Kilichobadilika 1992 ni kwamba kwa mara ya kwanza walimpata mtu mwenye nguvu za kitaifa aliyehitaji kura zao kuliko wao walivyomhitaji yeye.

Ndivyo sheria ilivyokuwa. Katiba ya zamani ilimtaka rais awe pia mbunge aliyechaguliwa. Mgombea urais aliyeshindwa katika eneo bunge lake hangeweza kuingia Ikulu hata nchi nzima ikimpigia. Kwa hiyo mwaka 2007 kambi ya PNU, ya Rais Mwai Kibaki, ilimpeleka Stanley Livondo Lang'ata ikijua kwamba Raila akianguka pale, ameanguka kote. Mpangaji wa chumba cha mabati kule Lindi, ndani ya Kibera, alishika karata iliyoweza kuamua urais wa Kenya. Aliijua thamani yake na akaitumia.

Na alihitaji nini? Hapa ndipo neno kabila linapotuficha mambo. Sehemu kubwa ya Kibera iko kwenye ardhi ya serikali. Wanubi, wazao wa askari wa KAR, jeshi la kikoloni, waliokaa pale tangu enzi za Waingereza, walidai haki ya ardhi hiyo kwa zaidi ya karne moja, na hati ya ekari 288 wakaipata 2017 tu. Waliobaki, na ndio wengi, ni wapangaji wasio na hati wala mkataba, wanaoweza kuamka na kukuta alama ya kubomolewa ukutani. Mwishoni mwa 2001, Rais Moi alipozuru Kibera na kutaka kodi za nyumba zipunguzwe, Raila, aliyekuwa waziri wake wakati huo, aliunga mkono. Wenye nyumba, wengi wao Wanubi, walikataa. Wapangaji, wengi wao Waluo, wakagoma kulipa. Ghasia zikazuka na watu wakafa. Magazeti yaliandika vita vya makabila. Ukiangalia walichogombea, vilikuwa vita vya kodi. Mtu anayeishi hivyo akitafuta mwanasiasa mkubwa wa kumkinga anafanya hesabu ya maisha yake, na hesabu yake si duni kuliko ya mkazi wa Karen, mtaa wa matajiri, anayempigia kura mtu atakayelinda thamani ya kiwanja chake.

Nakiri kinga hiyo haikushika kila mara. Julai 2018, miezi minne tu baada ya Raila na Rais Uhuru Kenyatta kupeana mkono wa mapatano, tingatinga ziliingia Kibera kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Maelfu ya watu walipoteza makao, na shule zikabomolewa. Aliyekuwa mlinzi wao alikuwa sasa rafiki wa serikali.

Mwaka uliofuata ukaja uchaguzi mdogo wa Novemba 7, 2019. Takwimu za siku ile zinanisumbua kuliko zote, kwa sababu zilisomwa vibaya. Imran Okoth alipata kura 24,636. McDonald Mariga wa Jubilee, mwanasoka aliyeletwa na William Ruto, Naibu Rais wakati huo, alipata 11,230. Eliud Owalo wa ANC, mtu aliyewahi kuwa katika kambi ya Raila mwenyewe, alipata 5,275. Usiku ule ODM ilisherehekea kwamba chumba kimelindwa, na vyombo vya habari vikarudia. Lakini daftari la wapiga kura lilikuwa na majina 118,658. Waliofika vituoni walikuwa karibu 42,000. Mshindi alichaguliwa na mmoja kati ya kila watano waliojiandikisha. Kati ya waliopiga kura, watu 16,505 waliwapa Mariga na Owalo peke yao, katika uchaguzi ambao Raila aliufanyia kampeni yeye mwenyewe, ambao baadhi ya wabunge wa Jubilee walimpigia debe mgombea wa ODM, na ambao wanasiasa wa upande wa pili walifukuzwa na vijana barabarani. Katika hali hiyo, wanne kati ya kila kumi waliofika kituoni walimnyima kura mtu wa Baba.

Ghasia zile ndizo hoja nzito zaidi ya wakosoaji, na sitaipunguza. Ngome inayolindwa kwa mawe haijalindwa na wapiga kura. Mkazi wa mtaa wa Makina aliyetaka kumpigia Mariga akaogopa kutoka nyumbani aliporwa haki yake, na hilo halifutiki kwa kusema wengi walikuwa ODM hata hivyo. Idadi ndogo ya waliojitokeza inaweza kuwa ya uoga, ya uchovu au ya hasira ya ubomoaji. Ila haiwezi kuwa ya kondoo. Kondoo wangejaa vituoni.

Kisha tazama mchujo wa ODM wa 2022. Imran alikuwa mbunge, alikuwa na jina la kaka yake aliyependwa kwa alivyoshughulikia elimu ya watoto wa Kibra, na alikuwa amelipitisha jina hilo katika uchaguzi mgumu. Wakamwangusha. Wakamchukua Orero, mwalimu mkuu wa Dagoretti High School. Katika eneo ambalo tiketi ndiyo kiti, mchujo ndio uchaguzi wenyewe, na pale Kibra mirathi ilikataliwa baada ya miaka mitatu tu. Nashangaa tukio hilo halitajwi kabisa na wanaouliza leo nani atarithi.

Kuna jambo jingine linalosahaulika: ngome hii ilichorwa kwa kalamu. Mwaka 2012 tume ya uchaguzi na mipaka, IEBC, ilipoongeza maeneo bunge ya nchi kutoka 210 hadi 290, na ya Nairobi kutoka 8 hadi 17, Lang'ata ya zamani ilikatwa. Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley zikawa Kibra. Karen, Nairobi West, Mugumu-ini, South C na Nyayo Highrise zikabaki Lang'ata. Angalia kilichotokea ng'ambo ya pili: Joash Olum wa ODM 2013, Nixon Korir wa Jubilee 2017, Phelix Odiwuor, yaani Jalang'o, wa ODM 2022. Kiti cha ushindani mkali. Kabla ya hapo mwenye kiti alilazimika kuzungumza na mpangaji wa Lindi na mwenye nyumba wa Karen katika kampeni moja. Mpaka ulipowatenga, tukaanza kuwalaumu wa Kibra kwa kufanana.

Sidai mpaka ule ulichorwa kwa hila. Kwa sensa ya 2019 Kibra ina watu 185,777 na Lang'ata 197,489, na wastani wa kitaifa kwa eneo bunge ni kama 164,000, kwa hiyo kihesabu mgawo ni wa haki. Lakini Katiba inataka mipaka ipitiwe kila baada ya miaka 8 hadi 12, na muda huo ulipita Machi 2024 tume ikiwa haina makamishna. Tume mpya iliapishwa Julai 2025. Kazi hiyo inaisubiri, na wanasiasa wa Nairobi tayari wanahesabu kata zao.

Wagombea watakaokuja Kibra kabla ya 2027 watakuja na picha za Raila kwenye fulana. Wakazi wana haki ya kuwauliza kuhusu hati za ardhi, fidia ya waliobomolewa 2018, na kodi ya chumba, na kumnyima kura asiye na jibu, kama walivyomnyima Imran.